Mkongwe kwa Mkongwe

Wesley ndiye Mkalenjini pekee niliyemjua anayechukia kukimbia. Anatoka pande za Kapsabet, ambako kwa maelezo yake hata mwizi wa kuku hufukuzwa na watu wenye medali, na tangu akiwa mdogo kila mgeni aliyefika kwao alimtazama miguu kwanza, uso baadaye. Akachoka. Akaamua kucheza mpira wa kikapu, kwa sababu uwanja wake ni mfupi.

Mimi naitwa Omari, mtu wa Tanga, dereva wa basi la kampuni ya ulinzi hapa Doha. Nawachukua walinzi kwenye jengo letu la Thumama, nawashusha West Bay kwenye minara ya maofisi, nawarudisha jioni wakiwa wamevimba miguu. Sina subira na watu wanaojidanganya. Wesley nilimpenda kwa sababu alijidanganya kwa jambo moja tu: aliamini kwamba tunaweza kujenga timu.

Kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya mnara mmoja wenye vioo vingi na kuwafungulia watu mlango ambao ungejifungua wenyewe. Alisimama pale tangu kabla ya Kombe la Dunia. Wenye ofisi aliwajua kwa viatu, maana wengi walipita wakitazama simu, na aliweza kukuambia nani kapandishwa cheo na nani kagombana na mkewe kwa kutazama soli tu. Timu yetu ilianzia hapo hapo mlangoni. Mgeni mmoja alisahau mpira, ukakaa kwenye chumba cha vitu vilivyopotea mpaka mudir, yaani meneja wa mnara, akachoka kuuona. Wesley akauomba. Mudir akasema, "Khalas, chukua," na jioni ile alipanda basi langu ameukumbatia kama mtu aliyetoka hospitali na mtoto.

Ligi yenyewe ni ya majengo. Kila jengo wanamolala wafanyakazi lina timu yake, tunacheza Ijumaa majira ya baridi, na sheria ni moja: unachezea pale unapolala. Kwa hiyo kubadilisha timu ni kuhama chumba, na kuhama chumba ni kwenda kumbembeleza kambi bosi, msimamizi wa majengo ya kampuni, Mhindi wa Kerala anayelinda vitanda vyake kuliko sisi tunavyolinda minara.

Na kitanda, kwa asiyejua, ndicho cheo chetu. Kitanda hupewi, unakifikia. Ukija mgeni unalala juu, mlangoni, penye swichi ya taa, na kila anayetoka shifti anakuamsha kwa mlango na anayekwenda shifti anakuamsha kwa taa. Wewe ndiye unayebeba dumu la maji uwanjani na kufua jezi za wenzako. Mtu akimaliza mkataba, wote mnasogea hatua moja, mpaka siku unateremka chini, na ukijaliwa umri unafika chini kwenye kona, mbali na mlango, ambapo baridi ya eisi inakupuliza kwa adabu. Wesley alikuwa kwenye kona ile. Alipachika pazia la kitenge, akaweka feni ndogo na picha ya mkewe Valerie, na ukipita pale ulipunguza sauti bila kuambiwa.

Msimu uliopita tulifungwa na kila mtu. Tulifungwa na wapishi, tukafungwa na wasafisha madirisha, na timu ya wafanyakazi wa bustani ilitufunga huku ikicheka. Wesley kila baada ya mechi alikusanya watu na kusema, "Vijana, tunajenga." Nilitamani kumrushia kiatu. Utajengaje timu kwa watu wenye mkataba wa miaka miwili? Mwaka wa kwanza unamfundisha kijana kudunda mpira bila kuutazama. Wa pili anaanza kuelewa. Wa tatu yuko kwao anaoa, au yuko Saudia analinda duka la magari, na wewe uko na mgeni mwingine anayeudunda kwa mikono miwili.

Safari hii lakini Wesley mwenyewe alikuwa na haraka. Mwezi wa sita mkataba wake ulikuwa unakwisha na hakuwa anauongeza tena, Valerie alishasema imetosha. Kabla hajapanda ndege alitaka kitu kimoja: timu yake iifunge Lusail. Jengo la Lusail ni la kampuni yetu hii hii, bosi mmoja, sare moja, na tangu timu izaliwe hatukuwahi kuwafunga hata siku waliyokuja nusu yao wana mafua. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha Wesley.

Tulikuwa na vijana wawili wa maana. Brandon, mtoto wa Umoja kule Nairobi, alikuwa na mbio na mdomo kwa kiasi sawa. Abdulrahman, wa Unguja, mrefu mpaka anainama kwenye milango yote ya Qatar, alikuwa na mikono laini na aibu nyingi. Huyo ndiye aliyekuwa timu yenyewe. Akikua, Wesley alikuwa akisema, tutamfunga yeyote.

Ndipo Oloo, kapteni wa Lusail, alipotuma ujumbe wa sauti. Alikuwa tayari kutuachia Silvesta. Alitaka Brandon na Abdulrahman.

Silvesta wa Busia alijulikana ligi nzima. Miaka arobaini na kitu, goti limefungwa bandeji nene, na kwenye pembe ya uwanja alikuwa na mtupo mmoja ambao haukosi kabisa, mradi usimwombe asogee. Kule Lusail aliishi kama sultani. Kitanda cha chini kwenye kona. Kiti cha mbele kwenye basi, Ijumaa mayai mawili ya kukaanga yaliyopikwa na mtu mwingine. Jezi yake inafuliwa. Mazoezini anakaa kwenye kiti cha plastiki na kukosoa. Na ujumbe wa Oloo ulieleza wazi kwamba mzee anakuja na masharti yake yote, kuanzia kona.

Jengo letu lilipasuka katikati. Nusu walisema vijana ndio kesho yetu. Nusu walisema kesho yetu iko Saudia, tumchukue mzee tushinde leo. Kwa muda wa wiki kadhaa hapakuwa na habari nyingine. Watu walibishana kwenye foleni ya choo, na basini nilipandisha sauti ya redio nisiwasikie. Hatimaye wakakubaliana kupeleka suala kwa kambi bosi.

Kambi bosi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. Wawili wanatoka, mmoja anaingia, je, kitanda kinachobaki wazi ni cha nani? Na kule Lusail, ambako vitanda vimejaa, wa pili atalala juu ya nani? Walinzi watu wazima, wanaohesabu magari ya watu kutwa nzima, walikuwa wamejadili biashara ile kwa wiki kadhaa bila hata mmoja kukumbuka kuhesabu vitanda. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kambi bosi akasema atabadilisha mtu kwa mtu, basi.

Oloo hakuchelewa. Mtu kwa mtu, alimtaka Abdulrahman.

Ijumaa ile sisi tulipotoka msikitini na wenzetu kanisani, maana hapa hata kanisa ni Ijumaa, tulizunguka sinia la wali na kuku sakafuni na Wesley akaomba kusema. Hakuwa amekaa sakafuni. Alikuwa kitandani kwake, pazia limefunguliwa, sahani yake akiwa ameletewa.

"Mimi nakataa," alisema. "Tumtoe Abdu kwa Silvesta? Huyo mzee anadekezwa kwa sababu gani? Kwanza anachukua kitanda cha kona. Pili, mazoezi hafanyi. Hakimbii! Anasimama tu akipigia vijana kelele. Jezi anafuliwa, chakula anapelekewa, basini lazima akae mbele. Na akicheza robo moja anashika mgongo. Timu inayojengwa inabeba mzee kama huyo wa nini?"

Brandon alikuwa na paja la kuku mdomoni. Alilitoa taratibu.

"Cap," alisema, "si hiyo ni wewe?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Kama mmoja wetu angecheka, ingekuwa utani, tungemrukia Brandon tukamfinya shingo na mambo yangeisha.

"Unasema nini?"

"Nasema ukweli tu, buda. Mimi ndio naosha jezi yako. Mazoezi ya mwisho ulikimbia lini? Tunakuheshimu, lakini ukisema Silvesta anakula bure, mimi naona kama unajichora wewe."

Abdulrahman akaona aokoe jahazi. "Kaka Wesley, hakukusudia hivyo. Wewe si sawa na Silvesta, wallahi. Silvesta anafunga."

Nilifumba macho. Kijana wa watu, kwa adabu zake zote za Unguja, alikuwa amemmaliza kabisa. Wesley alitazama sahani yake, akaiweka chini, akavuta pazia. Tulimaliza kula, na kuku hakuwa na ladha.

Nilimkasirikia Brandon, nikamkasirikia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Sisi wote tulikuwa tunaijua. Wesley alikifikia kile kitanda hatua kwa hatua kwa miaka, na kila hatua alikuwa ameilipia, kwa hiyo hakuna aliyeona ubaya. Lakini uwanjani alikuwa amegeuka fenicha. Tulikuwa tunapitisha mpira kwake kwa heshima, tunaupoteza kwa heshima, kisha tunasikiliza hotuba.

Jumanne asubuhi nilikuwa nawapeleka West Bay, wengine nyuma wamelala midomo wazi, Wesley pembeni yangu ameshika chai yake ya karak kwenye kikombe cha karatasi.

"Omari, mimi ni Silvesta?"

"Goti lako ni zima kidogo."

"Nakuuliza vizuri."

"Na mimi nakujibu vizuri, kapteni. Wewe ndiye uliyeizaa timu, na timu haiwezi kukuambia uondoke. Itafungwa tu mpaka mwezi wa sita, halafu itakusindikiza uwanja wa ndege na kukulilia. Mimi mwenyewe nitalia. Halafu jioni yake watapumua."

Alikunywa karak yake mpaka tukafika kwenye mnara. Nilidhani nimempoteza rafiki na nikajuta, lakini nisingeweza kuyarudisha maneno. Aliposhuka alisimama kwenye ngazi ya basi, akanitazama kwa hasira ya kweli.

"Wewe ni mshenzi," akasema. Kisha akatoa simu, akampigia Oloo pale pale, mbele yangu, basi likizuia barabara na magari yakinipigia honi. "Oloo. Silvesta unampeana? Sawa. Nitakupa mzee pia. Mimi mwenyewe. Ndiyo, mimi. Cheka ukimaliza uniambie."

Oloo alicheka sana, nilimsikia kutoka kwenye usukani. Lakini alikubali, na sababu yake ilikuwa rahisi. Kule Lusail kila mtu alikuwa amechoka kumkaangia Silvesta mayai, na nusu ya chumba ilikuwa inaimezea mate kona yake. Kambi bosi naye alifurahi, maana mmoja anatoka na mmoja anaingia.

Kwa nini Wesley alifanya vile? Watu wa jengo husema ni moyo mkubwa. Mimi nilikuwepo, na nasema nusu ilikuwa hasira. Nusu nyingine alinieleza mwenyewe alipokuwa anakunja lile pazia la kitenge. "Abdu akienda, timu imekufa. Mimi nikienda, ni kitanda tu kimesogea." Akaninyooshea feni, akasema niishike vizuri, ina waya mbovu.

Kitanda chake nilikipata mimi. Msinitazame hivyo. Niliyekuwa nafuata kwa ukongwe ni mimi, na desturi ni desturi.

Jambo ambalo hata Oloo hakulifikiria ni hili: mkongwe anakuwa mkongwe pale alipozeekea tu. Akivuka mlango wa jengo jingine anakuwa mgeni. Silvesta alifika kwetu Alhamisi na sanduku, jiko la wali la umeme na goti lake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kona.

"Hiki kitanda ni cha nani?"

"Changu," nikasema, nikiwa nimelala.

"Na mimi?"

Brandon akamwonyesha kwa kidole, juu, mlangoni.

"Bwana mdogo, unajua mimi ni nani?"

"Wewe ni mgeni wetu, mzee wangu," akasema Abdulrahman. "Karibu sana. Jezi zipo kwenye ndoo pale."

Silvesta alimpigia Oloo, akampigia kambi bosi, nadhani alimpigia na mama yake Busia. Masharti yake yalikuwa ya kubadilishana na vijana, na vijana hawakutoka, kwa hiyo hayakuwepo. Wiki ya kwanza alinuna. Ya pili alijifunza kupanda kitanda bila kutukana. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na kiti cha plastiki wala mtu wa kumpelekea sahani, akaanza kukimbia mazoezini, akitoa sauti kama mlango mkavu, na siku moja nikamwona amemshika Abdulrahman kiwiko anamwonyesha jinsi ya kurusha kutoka pembeni. Kumbe yule mzee alikuwa mwalimu. Kule Lusail hakuwahi kuhitaji kuwa hivyo.

Tulikutana na Lusail mwezi wa pili, Ijumaa, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu kuelekea uwanja wa ndege. Mimi sichezi, tumbo langu halitaki, kwa hiyo nilikuwa kwenye meza ya pointi. Wesley alikuja amebeba dumu la maji la wenzake begani. Alikuwa amekonda. Alivaa jezi namba ambayo hakuna aliyeitaka, akakaa mwisho wa benchi, na sikuweza kumtazama muda mrefu.

Wachezaji wetu aliwajua kuliko mama zao. Tangu mwanzo alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Brandon haendi kushoto, mzibeni kulia! Silvesta msimwache pembeni, mfuateni! Abdu akishika mpira, watu wawili!" Kila alilosema lilikuwa sahihi. Kama wangemsikiliza kwa dakika tano wangetunyonga. Oloo aligeuka mara moja, akamwambia mgeni anyamaze, anamvurugia timu. Alipopiga kelele tena, kijana mmoja wa Lusail, umri wa mwanawe, akamwomba maji, na Wesley akainuka akampelekea.

Alipoingizwa robo ya mwisho, alikimbia. Nawaapia. Mkalenjini yule alikimbia uwanja mzima, kwenda na kurudi, mdomo wazi, akamkaba Abdulrahman mpaka kijana akapoteza mpira mara mbili. Nilijikuta nimesimama. Sikujua nashangilia nani, na mwamuzi akaniuliza kama nahesabu pointi au nimekuja kutazama.

Mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi moja, mpira ulikuwa wa Brandon. Wesley aliona. Alipiga kelele, "Pembeni! Pembeni!" na kumwonyesha Oloo kwamba Silvesta amesimama peke yake. Oloo hakugeuka. Mpira ukaenda pembeni, Silvesta akarusha, ukaingia, filimbi ikalia.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye meza. Jengo zima la Thumama lilikuwa limelaliana katikati ya uwanja, Silvesta chini kabisa akilalamikia goti, Brandon analia kama mtoto na kudai ni jasho. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Wesley. Nilitaka niwe wa kwanza kumwambia. Alikuwa ameketi kwenye saruji, anafungua kamba za viatu, anahema.

"Nimewaambia pembeni," alisema bila kuniangalia. "Nani ananisikiza? Mimi nalala mlangoni."

"Inauma?"

"Inauma, Omari. Inauma sana."

"Ungejua, ungefanya tena?"

"Mimi? Ujinga mara mbili? Zii."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Nikamshika bega. Nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu filimbi ilipolia, nikayasema. "Lakini umeona, kapteni. Timu yako imewafunga Lusail."

Aliniangalia, jasho likimtiririka, kama mtu anayeulizwa njia na mgeni.

"Timu yangu imefungwa," akasema. Oloo alikuwa anamwita kutoka kwenye lango, wenzake wameshaanza kupanda basi lao. Wesley akainuka, akaokota dumu lililobaki na maji kidogo, akawafuata mbio.